Usimtoe Chupani Mapema

Haya yalimpata mama mdogo wangu, mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Sikusimuliwa na wapita njia. Mengi nilikuwepo, na yale ambayo sikuwepo niliyasikia kwa mdomo wa aliyeyatenda. Kwa hiyo mtu asije akaniambia natia chumvi.

Siku ninayotaka kuanzia ilikuwa ya kawaida kabisa. Tumeshakunywa chai ya asubuhi, mimi na mama mdogo tuko uani tunakata majani ya viazi vitamu. Hayakuwa ya mboga, yalikuwa ya viwavi. Mama mdogo alikuwa mfugaji wa vipepeo na nondo, na ukimtajia mtu kazi hiyo anacheka kwanza, kisha anauliza kama wanakamuliwa maziwa. Chumba chake cha nyuma kilijaa makasha ya wavu kuanzia sakafuni hadi darini. Kila kasha lilikuwa na majani yake, na kila jani na mlaji wake.

Wakishapata mabawa, mumewe aliwaua, akawakausha, akawabana kwa pini ndani ya fremu za kioo za kutundika ukutani. Chini ya kila fremu aliandika jina lake kwa wino mweusi. La mkewe hakuliandika hata siku moja. Mtaa mzima ulimwita Bwana Pini. Mimi zamani nilimwita baba mdogo, lakini siku hizi naona hata Pini ni jina zuri mno kwake.

Asubuhi ile mama mdogo aliniwekea kiwavi kiganjani. Alikuwa mnene kuliko kidole gumba changu, wa kijani, na mkiani ana kipembe kilichopinda. Nikauliza kama kipembe kile kinachoma. Akasema hakichomi, kinatisha tu, na kwamba yeye ameolewa na mtu wa namna hiyo. Tukacheka mpaka kapu la majani likamwagika.

Aliwapenda hawa kuliko wote. Nondo mwewe, aliwaita, kwa sababu wakipaa hawapepei ovyo kama vipepeo. Hukata hewa kwa mabawa membamba, husimama palepale mbele ya ua na kunyonya utamu wake kwa mrija mrefu kuliko mwili wao. Alinieleza maisha yao huku akipanga majani. Yai dogo la kijani juu ya jani. Kiwavi, ambaye kazi yake ni kula tu, ngozi ikimbana anaivua, anakula tena. Halafu siku moja anaacha kula, anabadilika rangi, anahangaika kutafuta udongo. Akiupata anazama. Huko chini anajitengenezea kijichumba, anavua ngozi ya mwisho na kuwa pupa, kitu cha kahawia, kigumu, hakina miguu wala mdomo. Ule mrija tu ndio unaokaa nje ya ganda, umejikunja ukawa kama mkono wa birika.

"Watu wakimchimbua wanadhani amekufa," aliniambia. "Hajafa, mwanangu. Mguse tu uone atakavyotikisa tumbo."

Alikuwa na alama ya kuungua shingoni, upande wa kushoto, ya tangu utotoni. Ilifanana na jani lililokunjwa. Akiwaza jambo huwa anaipapasa kwa kidole. Siku ile aliipapasa sana.

Aliwaza kuhusu nyumba. Nyumba ilikuwa yake, aliachiwa na babu, na Pini alikuwa ameanza kuzungumza habari za kumleta mwanamke wa duka la fremu aje kukaa humo. Mama mdogo alikuwa ameshamwambia, mbele ya bibi na mbele ya mama yangu, kwamba anayeondoka ni yeye na masanduku yake.  Pini alichukua kofia akatoka, akawaacha wanaangaliana.

Kuna jambo moja la kazi yao ambalo lazima ulielewe, la sivyo mengine hayataeleweka. Wadudu wale huuliwa kwa chupa. Ni chupa ya kioo, mdomo mpana, chini imemwagwa plasta iliyolowa dawa, juu ina kifuniko cha kukaza. Kipepeo ukimtia anatapatapa kidogo, basi. Nondo mwewe ni habari nyingine. Kifua chake kimejaa nyama. Anaweza kulala pale chini, miguu imejikunja, ukaapa kwamba amekwisha, kumbe bado.

"Huyu ana mwili mnene," mama mdogo alikuwa akimwambia mumewe kila mara. "Mwache chupani. Ukimtoa mapema ataamka kwenye pini."

Pini hakuwa na subira. Nilishaona kwa macho yangu nondo akizinduka juu ya ubao, pini imempitia kifuani, akizunguka na ile pini kama feni iliyolegea. Mama mdogo alimchukua kwa mikono miwili akamrudisha chupani, na machozi yalikuwa yanamtoka. Pini aliendelea kunywa chai yake.

Wiki hiyohiyo viwavi waliacha kula. Wakawa wekundu wekundu, wakahangaika. Mama mdogo akawajazia kasha kubwa udongo laini, wakazama wote. Akaniambia nikirudi Jumatatu tutawaangalia pamoja.

Sikumkuta. Jumatatu nilikuta watu wamejaa uani. Pini alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama mdogo, kichwa mikononi, anaeleza kwamba mkewe alijifungia stoo akichanganya dawa ya chupa, mvuke ukamlevya. Mganga wa zahanati ya mtaa aliingia mle, harufu ikamchoma macho, akamgusa mgonjwa shingoni mara moja na kutoka anakohoa. Akasema amekwisha. Pini akasema azikwe leo leo, mwili wenye dawa si wa kukaa nao ndani.

Mama yangu ndiye aliyemvalisha. Aliniambia baadaye kwamba vidole vilikuwa laini, vinakunjika vyenyewe. Tulijiambia ni joto la stoo.

Makaburini, jeneza liliposhushwa, Pini alisimama ukingoni kabisa. Udongo wa kwanza ulipoanguka, nilimwona akishtuka. Kisha akapaza sauti. Akalia kwa nguvu, akapiga miguu chini, akawahimiza wenye majembe waharakishe, eti uchungu unamzidi. Watu walimhurumia. Hata mimi nilimhurumia, na hilo linaniudhi hadi leo.

Bibi hakulia. Alisubiri watu watawanyike, akaenda nyumbani kwa marehemu, akaangalia mlango wa stoo kwa muda mrefu. Komeo lilikuwa nje. Mlango ule haukuwa na komeo la ndani. Alilipeleka neno hilo kwa wahusika, wakamwambia pole mama, ni ajali, nenda kapumzike. Basi akamwomba Pini kitu kimoja tu cha mwanawe, lile kasha la udongo. Pini aliona kazi ya kulimwaga imepata mtu. Akampa.

Tulilibeba mimi na bibi hadi kaburini. Bibi alipiga magoti, akaumwaga udongo taratibu juu ya tuta, pupa zikiwa ndani yake, akausawazisha kwa viganja. Alikuwa anasema maneno kwa sauti ya chini, mdomo umekaribia ardhi. Sikuyasikia na sikuuliza. Akapanda pale mmea unaotambaa wenye maua meupe marefu, yale yanayofunguka jua linapozama.

"Rudi kwa yule bwana ukafanye kazi," aliniambia tukiwa njiani. "Mtazame. Mwanangu hakujifungia. Nataka nilisikie kwa mdomo wake kabla sijafa."

Nilirudi. Nilifuta vioo, nikafagia, nikalisha waliobaki. Mwanamke wa duka la fremu alikuja akapima madirisha kwa mapazia mapya. Nilimkaribisha, nikampa kiti. Bibi alikuwa ameshanifundisha kunyamaza.

Mvua zilinyesha, zikakatika. Mmea wa bibi ukashika tuta lote na kutoa maua.

Jioni moja Pini alirudi kutoka matembezini anahema, kofia mkononi. Alikuwa amepita kando ya ukuta wa makaburi. Ameona nondo mwewe, akasema, mkubwa ambaye hajawahi kuona mfano wake, juu ya maua meupe. Si wa viazi. Si yeyote anayemjua. Aliteremsha kitabu chake cha picha, akakifungua mezani, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Nondo wa viazi ana mistari ya waridi tumboni, huyu mistari yake myeupe. Wengine wana madoa ya macho, huyu hana. Aliangalia mpaka mwisho akarudia mwanzo. Macho yalikuwa yanamwaka.

"Hayumo," alinong'ona. "Hajapewa jina. Nikimpata, atapewa langu."

Jioni iliyofuata alinichukua nimshikie chupa. Hakukumbuka hata mara moja ni kaburi la nani tunakwenda. Alitembea haraka, wavu begani.

Katikati ya tuta palikuwa na tundu.

Lilikuwa la mviringo, safi. Udongo ulikuwa umesukumwa kutoka ndani, umezunguka mdomo wa tundu kama pindo. Kando yake palikuwa na ganda tupu la pupa, limepasuka mgongoni, na mkono wa birika ukaonekana waziwazi. Lilikuwa refu kuliko kiganja changu. Pini aliliokota akalitia mfukoni. Kisha, kwa udadisi tu, akaingiza mpini wa wavu tunduni. Ukaingia. Ukaendelea kuingia. Ulizama wote mpaka vidole vyake vikagusa udongo, na haukugusa chini.

Pupa tulizozimwaga zilikuwa juujuu.

Akauchomoa mpini, akaufuta kwenye suruali, na wakati huohuo tukausikia mvumo wa mabawa. Alikuja kutoka nyuma yetu. Alisimama hewani mbele ya ua, akateremsha mrija, akanywa. Alikuwa mkubwa kama ndege. Pini alipouinua wavu, hakukimbia. Nataka ulielewe hilo. Aligeuka, akatutazama, akaingia wavuni mwenyewe.

Tulirudi karakana, chumba chake cha kubania wadudu, jua halijapotea lote. Pini akawasha taa ya mezani, akakaza kifuniko, akakaa anamtazama nondo chupani huku akitingisha goti. Nondo hakutapatapa. Alikunja miguu, akalala. Kila kitu kwa utulivu, kama mtu aliyefika kwake.

"Mwache," nilisema. "Ana mwili mnene."

Aliniangalia kwa dharau, akafungua.

Alimlaza kifudifudi kwenye mfereji wa ubao, ule uliochongwa kukalia mwili wa mdudu. Akachagua pini ndefu. Akaipitisha katikati ya kifua, taratibu, hadi kwenye mbao. Akayavuta mabawa, akayatandaza, akayafunika kwa vipande vya karatasi na kuvibana kwa pini ndogo pande zote. Kisha akavuta taa karibu na kuchukua lenzi.

"Njoo uone," akasema. "Ana doa shingoni."

Niliinama. Lilikuwepo, la hudhurungi, mfano wa jani lililokunjwa. Lilikuwa upande wa kushoto. Nilitazama upande wa kulia. Hapakuwa na kitu.

Sasa kumbuka nilivyofundishwa, na yeye alifundishwa hayohayo. Nondo hana alama ya upande mmoja. Kilichopo kushoto kipo na kulia, bawa kwa bawa, doa kwa doa, kama karatasi iliyokunjwa wino ukiwa mbichi. Hakuna kitabu chenye nondo wa namna ile. Mimi sikuhitaji kitabu.  Nililijua doa lile tangu nabebwa mgongoni.

Yeye alikuwa anatabasamu. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kumtazama mkewe shingo.

Ndipo karatasi zikaanza kutetemeka.

Kidogo tu, mwanzoni. Nondo mwewe hutetemesha mabawa akitaka kuruka, anajipasha moto kwanza. Mama mdogo alinionyesha mara nyingi. Pini ndogo zikalegea. Moja ikaruka. Nyingine. Bawa la kushoto likawa huru.

Pini alinyoosha mkono kulishika. Nondo akatikisa tumbo. Likagonga ubao.

Ko. Ko. Ko.

Mkono wa Pini ulibaki hewani.  Nondo akagonga tena, polepole, mbao ikaitikia, na mimi nikajua sauti ile inafanana na nini kabla Pini hajafungua mdomo.

"Ulikuwa hupumui," alinong'ona. Hakuwa anasema na mimi. "Nilikufungulia, nikakushika pua. Ulikuwa hupumui."

Ko. Ko.

"Nilichelewa kujua. Ulipogonga ndani ya jeneza, watu wote walikuwa pale. Ningewaambia nini? Nilikuwa nimeshawaambia umekufa." Machozi yalimchuruzika hadi kidevuni. "Ningekuacha stoo kidogo tu zaidi. Kidogo tu. Usingeamka."

Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Nondo alikuwa amejiinua juu ya ubao, pini bado imo kifuani, na kivuli chake ukutani kilikuwa na mikono. Nilitoka. Mlango ulijifunga nyuma yangu, na nikasikia komeo la ndani likisukumwa. Pini alikuwa mezani, mbali na mlango.

Nilimkuta bibi jikoni anachambua mchele. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, ungo magotini. Nilipomaliza nikasema twende tuite watu, wavunje mlango, akamatwe akiwa hai aseme mbele ya kila mtu.

Bibi aliendelea kuchambua.

"Mwanangu alipogonga, nani alifungua?" aliuliza.

Akauweka ungo chini.

"Tutakwenda asubuhi," akasema. "Kula, ulale."

Tulikwenda asubuhi, na seremala wa jirani akavunja mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Pini alikuwa juu ya meza yake ya kazi, amelala kifudifudi, uso umeingia kwenye mfereji uliochongwa kati ya mbao mbili. Meza ile haikuwa na mfereji jana. Mikono yake ilikuwa imetandazwa pande zote, imenyooka vizuri, na juu yake vimepita vipande virefu vya karatasi vilivyobanwa kwa pini ndogo. Hapakuwa na tone la damu. Mgongoni, katikati ya mabega, palikuwa na kitundu kimoja, na pini yenyewe haikuonekana popote. Ubao wa nondo ulikuwa mtupu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Seremala alitoka nje akatapika. Mama yangu alijifunika uso. Mimi nilimtazama vizuri, kuanzia kichwani hadi miguuni, na sitasema uongo, nilishiba.

Wakuu walikuja, wakaandika, wakaondoka. Nyumba sasa tunakaa sisi. Fremu zote tuliziteremsha, tukakwangua lile jina kwa kisu. Kaburini tundu halijaziba. Kila mvua ikipita tunalijaza udongo, na kila asubuhi liko wazi, safi, na bibi anasema tuliache, mtu ana njia yake ya kuingia na kutoka.

Watu walipokuwa wanashughulika na maiti siku ile, bibi aliinua chupa kutoka mezani. Ilikuwa imekazwa kifuniko. Aliiviringisha kwenye kitambaa akaondoka nayo, hakuna aliyemuuliza. Iko juu ya kabati lake hadi leo. Ukiitazama mchana utaiona tupu, plasta imekauka chini, hakuna hata mguu wa sisimizi. Lakini jua likizama, kioo kinapata ukungu kwa ndani. Unatanda, unafifia, unatanda tena, kama pumzi ya mtu aliyekaribia dirisha. Halafu kitu kinagonga. Taratibu, kwa adabu, kama mgeni.

Bibi huacha anachofanya, akaenda kabatini, akaweka kiganja juu ya kifuniko na kukikaza.

Jana nilimuuliza atamfungulia lini yule bwana.

"Bado," akasema. "Huyu ana mwili mnene."